Idara ya Kuitika

Katika Chuo kile idara ikifa haizikwi, hupigwa lipu. Mafundi huja asubuhi na ndoo zao, huziba mlango kwa matofali, hupiga lipu, hupaka rangi, na kufikia adhuhuri ukuta umenyooka kiasi kwamba hata aliyefundisha humo miaka thelathini hupita akiupapasa asijue alikuwa akiingilia wapi. Mwanashehe Bwanakheri alikuwa amekwisha kuhesabu kuta kumi na tisa za namna hiyo katika jengo lao peke yake. Elimu ya Vivuli ilikuwa hapo, mkabala na ngazi. Historia ya Mambo Yasiyotokea ilikuwa pale, karibu na bomba la maji. Sasa palikuwa na ukuta tu, na juu ya ukuta palibandikwa tangazo la kuwakataza watu wasiegemee ukuta.

Yeye alikuwa mkuu wa Idara ya Kuitika. Alikuwa pia mhadhiri wake wa pekee, karani wake na mfagizi wake, na kila Ijumaa alikuwa kikao cha idara. Alikaa peke yake, akafungua kikao, akaandika katika kumbukumbu kwamba wajumbe wote wamehudhuria na hakuna aliyeomba udhuru. Kisha alifunga kikao akapika chai.

Usicheke, msomaji. Najua unasema moyoni, kuitika nako kunasomewa? Haya, mtoto akiitwa na mama yake akajibu "Nini?" hupigwa kibao cha mdomo, na akiulizwa kosa lake halijui, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, alipigwa tu. Idara hii ilifundisha. Ilifundisha kwamba mwanamke huitika "abee" na mwanamume "naam", kwamba ipo "labeka" ya mtu unayemheshimu hata kabla hujajua anataka nini, kwamba "ee" ya aliyeudhika na "ee" ya aliye jikoni na mikono ya unga hazifanani hata kidogo. Ilifundisha kwamba wahenga hawakukosea waliposema kataa neno, usikatae wito. Hayo yalikuwa ya muhula wa kwanza. Muhula wa pili ulikuwa mgumu zaidi, maana ulimhusu mtu ambaye hakuna tena anayemwita.

Hapo zamani, au labda keshokutwa, kwa sababu saa ya mnara ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma kila msimu wa tathmini, idara ilikuwa na wanafunzi mia mbili. Walisimama mistari miwili uani, mstari mmoja ukiita na mwingine ukiitika, na mji mzima ulio chini ya kilima ulitulia kusikiliza. Wakapungua. Wengine walihamia Usimamizi wa Foleni, ambako ajira ni ya uhakika, kwa kuwa foleni haziishi. Wengine waliitwa wakaondoka, na hao Mwanashehe hakuwalaumu. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Mzee Mbaruku. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na mwalimu wake hamsini na minne, kwa hiyo kila kipindi kilianza kwa mwalimu kumwamkia mwanafunzi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama. Haya, simama mlangoni tuanze."

Mzee Mbaruku alijiandikisha chuoni mwaka uliofuata kifo cha mkewe, Bi. Zena. Siku ile alipoulizwa sababu za kuomba nafasi, hakuandika kitu kwenye fomu. Alisema kwa mdomo. "Nyumbani mimi ni babu," alisema. "Wajukuu babu, wakwe babu, muuza maziwa naye babu. Jina langu nalisikia hospitali tu, tena wanaanza na la baba yangu. Zena alikuwa akiniita kutoka chumbani, Mbaruku! Hata kama ni kuniuliza chumvi iko wapi. Sasa naogopa, Mwalimu. Naogopa siku nitakayoitwa kwa kweli, nisitambue."

Mwanashehe alimpokea siku hiyohiyo. Zoezi lao lilikuwa moja. Yeye alikwenda mwisho wa ukumbi mrefu, ambao siku nyingine ulikuwa na hatua arobaini na siku nyingine mia nne, akageuka, akaita, "Mbarukuuu!" Na mzee akaitika "Naam!" mapema mno, jina likiwa bado halijamaliza kutoka kinywani mwa mwitaji, kama mtu mwenye njaa anayedaka tonge kabla halijatua sahanini. Mwalimu alimrudia akamweka sawa. "Usilikimbilie jina, mzee wangu. Liache likufikie. Likukae. Ndipo uitike." Mzee alitikisa kichwa, na mara ya pili aliharakisha vilevile. Alikuwa amebakiza mihula miwili.

Ukweli, na hapa sitamficha mtu, ni kwamba yeye Mwanashehe mwenyewe hakuwa na wa kumwita. Mama yake alikuwa amekufa. Mume hakuwahi kuwa naye, mtoto hakuwa naye, na mashoga zake walikuwa nyuma ya zile kuta kumi na tisa. Mzee Mbaruku alimwita Mwalimu. Kwenye orodha ya Chuo alikuwa namba. Jioni alikaa kitandani akajiita mwenyewe kwa sauti ndogo, akajiitikia, na hilo lilimfanya ajione mpweke kuliko kama angenyamaza.

Katika daftari lake la masomo, lile lenye jalada la kijani, aliandika hivi:

*Mtoto hazaliwi siku anayotoka tumboni. Siku ile ametoka tu. Huzaliwa siku anayoitwa akageuza shingo. Aliyemwita ndiye aliyemzaa, hata awe jirani. Sasa niambieni: jina ni la nani? La anayeitwa, au la anayeita? Anayeitwa halitumii. Analibeba tu, hajui hata lina sauti gani likitoka mbali. Wenye kulitumia ni wengine. Basi wengine wakiisha? Mtu huyu hajafa, maana anakula. Hajazaliwa, maana ana mvi. Yuko wapi? Nani atakwenda kumtafuta, na akienda, atamtafuta kwa kuita nini?*

Chini yake aliandika, *Swali hili liulizwe kwenye mtihani.* Kisha akafuta, kwa sababu jibu hakuwa nalo.

*

Asubuhi ya Jumanne alikuja Karani Nyamizi na fomu ya tathmini. Nyamizi alikuwa binti mwenye adabu, mwenye kalamu tatu kifuani, na kazi yake ilikuwa kupita idara kwa idara kwa niaba ya Kamati ya Vipaumbele. Kamati yenyewe hakuna aliyepata kuiona. Ilisemekana ina wajumbe saba. Ilisemekana pia kwamba walikwisha kufa wote, ila wameacha vigezo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Ahsante, nina mengi mbele. Tujaze haraka. Kigezo cha kwanza, mahitaji. Wangapi wanaihitaji programu hii?"

"Wote."

Nyamizi alimtazama. "Mama, hapa pana nafasi ya tarakimu tatu."

"Basi andika mmoja."

"Mmoja." Aliandika. "Kigezo cha pili, mazao. Mnazalisha nini?"

"Watu wanaoitika."

"Mwaka huu mmezalisha wangapi?"

"Mmoja. Bado hajaiva."

"Nitaweka nusu," alisema Nyamizi kwa huruma ya kweli. "Cha tatu. Programu hii ikiondolewa, nini kitapungua chuoni?"

Mwanashehe aligeukia dirisha. Nje, fundi mmoja alikuwa akikoroga zege ya mlango ambao bado haujahukumiwa, maana mafundi nao hupenda kujitayarisha. "Hakuna kitakachopungua," alisema mwishowe. "Ndiyo shida yake. Mtu akiita asiitikiwe, huwezi kuonyesha mahali palipopungua."

"Niandike hakuna?"

"Andika hakuna."

Karani alifunga jalada lake, akasita, akavuta kiti ambacho alikuwa amekikataa. "Mama, nisikilize, nakwambia kama mwanao. Kesho ni Ukumbini. Mafungu ni matano. La kwanza hunenepeshwa, la pili huachwa lilivyo, la tatu hupunguzwa, la nne huunganishwa na wengine. La tano ni lipu. Sasa fomu yako hii ni ya lipu, sikufichi. Lakini Kamati ina huruma moja. Kila idara huitwa, na mkuu wake akiitika husikilizwa, na anayesikilizwa huwa hapati la tano. Utaitwa mara tatu. Itika tu. Wewe si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu," alisema Mwanashehe, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alicheka.

"Ila kanuni ni mbili, uzishike. Mdomo mmoja, idara moja. Na aliyeitika ndiye aliyeitwa. Hawaangalii sura, wapo nyuma ya pazia, ili wasipendelee."

Mzee Mbaruku alipoambiwa habari hiyo alasiri alifurahi hata akataka kuimba. "Mwalimu, hapo wamejifunga wenyewe! Wamemwita samaki kwenye mashindano ya kuogelea." Kisha akazungusha kofia yake mikononi. "Lakini tuseme tu. Tuseme wakifunga. Mimi nitaitwa na nani?"

"Hawafungi, mzee wangu. Nitaitika."

"Na wewe je? Utaitwa na nani?"

Alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Alisema kipindi kimekwisha, ingawa ilikuwa bado robo saa, akaenda kusimama dirishani mpaka mzee alipoondoka.

*

Ukumbi wa Vipaumbele haukuwa na mwisho ambao mtu angeweza kuuona. Wakuu wa idara walikaa kwenye viti vya mbao, wakiwa wamevaa majoho, na kila mmoja alivitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza amekabidhiwa. Mbele palikuwa na pazia la rangi ya udongo, na mbele ya pazia, juu ya stuli, palikuwa na spika iliyotandikiwa kitambaa kilichofumwa. Karani Nyamizi alikaa pembeni na daftari kubwa. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia. Saa ya mnara ilipiga tisa, halafu nane, halafu saba, na sauti ikaanza kuita.

Ilikuwa sauti ya kawaida, si ya kiume wala ya kike. Mwanashehe alikuwa ameisubiri iwe mbaya na ilimshangaza kwamba haikuwa mbaya.

Sayansi ya Vipimo iliitwa, ikaitika naam. "Mnapima nini?" "Tunapima vipimo." Fungu la kwanza. Falsafa iliitwa, ikaulizwa inafanya nini, na mkuu wake alianza kwa kusema "Inategemea," akaambiwa akae, fungu la nne, iunganishwe na Upishi wa Hoteli. Mkuu wa Hisabati Safi alikuwa na nywele nyeusi alipoketi, na zamu yake ilipofika kichwa kilikuwa cheupe chote, lakini aliitika vizuri akaachwa alivyo. Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mwanashehe alikaa mikono mapajani, abee yake ikiwa tayari kifuani, ameishika kwa uangalifu asije akaimwaga.

Ndipo sauti iliposema, "Usimamizi wa Foleni. Dakta Tusekile Mwasanga."

Pakawa kimya.

Dakta Tusekile alikuwa hajaonekana chuoni kwa muda mrefu. Wengine walisema amestaafu, wengine walisema amefariki, na wapo waliosema kwamba yumo katika foleni mahali fulani na zamu yake haijafika. Idara yake ilijiendesha yenyewe. Wanafunzi wake elfu moja na mia mbili walipangana, wakafundishana kupangana, wakahitimu. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mwenyewe ataitwa.

"Dakta Tusekile Mwasanga."

Mara ya pili. Wakuu wa idara waliendelea na viatu vyao, na mmoja wao, Mwanashehe alimwona vizuri, alikuwa akitabasamu, kwa kuwa fungu la kwanza lina nafasi chache na idara kubwa ikianguka zinainuka ndogo. Jina lile lilining'inia hewani bila mahali pa kukaa. Nani atalipokea? Mtu alipewa jina lile siku moja, na watu walicheka kwa furaha walipompa, na sasa linaitwa mbele ya kadamnasi na hakuna hata wa kusema hayupo. Miaka ishirini na sita Mwanashehe alikuwa amefundisha kwamba wito usioitikiwa ni yatima. Alikuwa ameandika hivyo ubaoni, ameusahihisha kwenye mitihani, ameuota. Fundi cherehani hawezi kupita penye uzi unaoning'inia asiukate.

"Dakta Tusekile Mwasanga," ilisema sauti, mara ya tatu.

"Abee!"

Ilitoka vizuri, hilo lazima lisemwe. Ilitoka kwa kimo chake, baada ya jina kufika na kukaa, abee ambayo ingetosha kuwa mfano katika kitabu. Ukumbi mzima uligeuka. Karani Nyamizi alishika kalamu hewani, macho yamemtoka.

"Mnafanya nini?" iliuliza sauti.

"Hapana," alisema Mwanashehe, amesimama. "Samahani. Mimi siye. Nimemwitikia tu, asiwe anaitwa bure."

"Nani anayesema?"

"Mwanashehe Bwanakheri."

"Mwanashehe hajaitwa bado. Dakta Tusekile, unyenyekevu wako umeandikwa. Fungu la kwanza. Kaa."

Alikaa, kama alivyoambiwa. Alijiambia kwamba ni kosa dogo, litarekebishwa; zamu yake ikifika ataitika, na sauti moja itatambulikana mara mbili, watacheka, wataandika upya. Aliihesabu pumzi yake. Idara nyingine nne zilipita, na moja kati yao ilikwenda kwenye lipu.

"Idara ya Kuitika. Mwanashehe Bwanakheri."

Ee Mungu, jina lake! Kwa miaka mingapi alikuwa hajalisikia likitoka mbali? Lilikuwa na sauti nzuri ambayo hakuikumbuka, na chozi lilimtoka kabla ya neno.

"Abee!"

"Dakta Tusekile, umekwisha kuitika. Mdomo mmoja, idara moja. Mwanashehe Bwanakheri."

"Abee! Ni mimi! Nyamizi, mwanangu, waambie!"

Nyamizi aliinamisha kichwa juu ya daftari. Kanuni hakuzitunga yeye.

Mwanashehe aligeuka kuwatazama wenzake. Walikuwa zaidi ya sitini, watu aliokunywa nao chai, aliowazika nao wazazi wao. Alichohitaji ni mmoja tu. Mmoja afungue mdomo aseme abee, aseme naam, aseme hata nini, kama yeye alivyomsemea mtu asiyemjua. Mkuu wa Falsafa alimtazama kwa huzuni kubwa, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, na akaendelea kunyamaza, kwa sababu naye alikuwa na Upishi wa Hoteli wa kufikiria.

"Mwanashehe Bwanakheri," ilisema sauti, mara ya tatu.

Alingoja pamoja na wengine. Hakuna aliyeitika. "Fungu la tano," ilisema sauti, na kalamu ya Nyamizi ilikwaruza karatasi.

*

*Nani alikuwa pale? Nauliza. Aliyeitwa alikuwepo na hakuitika. Aliyeitika hakuitwa. Aliyeitwa kwanza hakuwepo na ameitika. Niliwafundisha kwamba mtu ni jina lililofika. Sikuwafundisha likifika kwa mwingine. Sikulijua. Mama, uliniita nikiwa nacheza uani nikachelewa, ukasema, siku moja utaitwa na utachelewa. Sikuchelewa, mama. Niliwahi. Niliwahi pasipokuwa pangu.*

Hayo aliyaandika nyuma ya barua ya uteuzi aliyokabidhiwa kwa jina la Dakta Tusekile, kwa kuwa daftari la kijani lilikuwa limebaki ndani, na mafundi walikuwa hodari. Alipofika jengoni ukuta ulikuwa wa ishirini na ulikuwa bado mbichi. Aliubonyeza kwa kidole ukaacha alama. Fundi alimwomba kwa adabu, "Dakta, tafadhali, itabidi nirudie," akaifuta alama.

Ofisi ya Usimamizi wa Foleni ilikuwa kubwa, yenye madirisha pande mbili na kibao cha shaba kilichoandikwa *Dkt. T. Mwasanga*. Siku za mwanzo alipinga. Alimwambia kila aliyeingia kwamba yeye si Dakta Tusekile, na kila aliyeingia alicheka kwa heshima akasema ndiyo maana Kamati imempenda. Wanafunzi waliposema "Dakta Tusekile," alinyamaza makusudi. Lakini kunyamaza mtu anapoita kulimuuma kuliko uongo. Aliwaona wakisimama mlangoni na nyuso zao changa, jina limewatoka na halijapokewa, na siku ya nne alishindwa. "Abee," alisema, kwa upole, ili tu wasisimame vile. Siku ya tano aliitika bila kujihoji. Kazi ilikuwa nyingi. Foleni ya usajili ilipinda mara saba kuzunguka mnara na ilihitaji kunyooshwa.

Saa ya mnara iliendelea na mambo yake. Ikawa Jumanne mara nyingi. Alianza kupenda maua ambayo Dakta Tusekile aliyapenda, maana yaliletwa kila wiki na ingekuwa ufidhuli kuyakataa. Alianza kuugua kipandauso ambacho kilikuwa kwenye faili la matibabu la Dakta Tusekile. Dada yake Dakta Tusekile alimwandikia barua ndefu kuhusu shamba la mama, naye aliijibu, na alipokuwa akiijibu alilia, kwa kuwa mama ni mama. Watu walimwita kutwa nzima, kutoka vyumbani, kutoka ngazini, kutoka mwisho wa korido. Hajapata kuitwa hivyo maishani. Kama kuna furaha katika hadithi hii ndiyo hiyo, na mimi siwezi kumlaumu kwa kuishika.

Kisha, asubuhi moja, mtu aliita.

Mzee Mbaruku alikuwa amepapasa ukuta wa jengo la zamani kutoka pembe hadi pembe, siku nyingi mfululizo, akiwauliza wapita njia. Wapita njia hawakujua. Alitaka kuita "Mwalimu," lakini pale ukiita Mwalimu watageuka watu mia, kwa hiyo alifanya jambo ambalo katika miaka yote ya masomo adabu haikumruhusu kulifanya. Alikwenda jengo kwa jengo, akasimama katikati ya kila korido, kofia mkononi, akamwita kwa jina lake. Walinzi walimwacha, wakidhani amechanganyikiwa. Alipofika korido ya Usimamizi wa Foleni sauti yake ilikuwa imekwisha kukauka.

"Mwanashehe!"

Ofisini, mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza aliinua macho kutoka kwenye ratiba. Wanafunzi wawili walikuwa mbele yake. Nao waliinua macho.

"Mwanasheheee!"

Nani huyo asiyeitika? alijiuliza, na kwanza aliudhika. Mtu anaitwa, tena na mtu mzima, sauti yenyewe inaonyesha, naye ametulia tu mahali fulani. Malezi gani hayo? Alisikiliza. Korido ilikuwa kimya. Hakukuwa na mlango uliofunguliwa wala mguu uliotembea, na ile hasira ikamtoka, ikaja huruma badala yake, huruma ambayo hakuijua sababu yake. Maskini. Ana mtu wa kumwita namna hiyo, na mwenyewe hayupo asikie.

"Mwanashehe," iliita sauti, ndogo sasa, ya mtu anayekaribia kuondoka.

Aliliacha jina likafika. Likakaa.

"Abee!" aliitika.

Hatua zilikuja mbio, mbio za miguu ya mtu wa makamo hayo, na mlango ukafunguliwa. Mzee alisimama pale akihema, kofia imekunjamana kiganjani, na uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Mwalimu," alisema. "Mwalimu wangu. Nimekutafuta."

Alisimama kumpokea, kama mtu anavyosimama kwa mkubwa wake. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Marahaba, Mwanashehe."

Alimtazama kwa upole mwingi, akamvutia kiti, akamwomba radhi kwa usumbufu alioupata njiani.

"Nimekuitikia tu, mzee wangu, nisikuache ukiita peke yako," alisema. "Mwenyewe hayupo."